Gimbi la Mti wa Tano

Enzi zetu kilima kilikuwa kilima. Ulikishuka na mtungi mtupu, ukakipanda na mtungi uliojaa, na ukianguka ulijua kwamba mama atauliza habari ya mtungi kabla ya habari ya goti. Hakuna aliyesimama kukitazama. Siku hizi naambiwa kilima kina vyuu, yaani mandhari ya kutazama. Thembo, mtoto wa marehemu kaka yangu, kijana wa viatu vya ncha kali ambavyo havijawahi kukanyaga samadi, alinionyesha kwenye simu picha ya shamba letu lililo juu ya mji wa Bwera. Chini yake alikuwa ameandika kwamba hapa ndipo mahali pa kuwekeza: asubuhi unaona theluji, mchana unaona ziwa, na hewa safi ni ya bure. Nimezaliwa kwenye kilima kile na sijawahi kuona theluji kutoka pale. Ili uione ni lazima upande kilima cha mbele yake, ambacho si chetu. Kuhusu hewa, kweli tuliivuta bure miaka yote ile. Hatukujua kwamba ilipaswa kutangazwa.

Mimi ninaitwa Kabugho. Kwa sisi Wakonzo jina hilo linakwambia kwamba mama yangu alizaa wasichana wawili kabla yangu. Nyuma yetu walikuja wavulana wawili, Baluku na Bwambale, na baba akapumua. Wasichana tuliolewa, kama ilivyopasa. Dada zangu wako ng'ambo, Kongo. Mimi niliolewa Kitswamba, nikafiwa na mume, na kabla matanga hayajaisha shemeji zangu wakanikumbusha kwamba shamba lile ni la ukoo wao. Sasa nina cherehani na chumba cha kupanga mjini Kasese. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ninaongea nikiwa nimesimama wapi. Nimesimama kwenye sakafu ya mwenye nyumba.

Lakini tulipokuwa wadogo nilikuwa na kilima kizima.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka. Asubuhi ukungu ulijaa bondeni kama maziwa kwenye kibuyu, na sisi tuliteremka ndani yake miguu mitupu kwenda shule, kila mmoja na kipande chake cha kuni cha kumpelekea mpishi wa walimu. Ukisahau kuni, ulikula fimbo. Ukichelewa, ulikula fimbo. Ukifika mapema mno, mwalimu alishuku kwamba una jambo, na fimbo ikakuhusu. Jioni tuliteleza kwenye mteremko tukiwa tumekalia magome ya migomba, na aliyefika chini bila kuchanika nguo alihesabiwa kuwa hakuteleza vizuri. Siku za soko baba alileta samaki wa Katunguru aliyekaushwa kwa moshi, na mama alimpika kwa mawese kutoka ng'ambo, akasonga bundu, ule ugali wa muhogo, likavutika hadi kiwiko. Sombe, yale majani ya muhogo, ilitwangwa tangu mchana. Kahawa ilikuwa imeanikwa uani kwenye mikeka, na kazi yetu ilikuwa kuigeuza kwa miguu na kufukuza kuku. Hadi leo nikisikia harufu ya kahawa mbichi juani, naona aibu, kwa sababu ndipo ninapokumbuka kuku mmoja niliyemfukuza hadi akafa.

Watoto wa Thembo wakipewa bundu wanauliza kama kuna chipsi.

Baba alikuwa amefanya kazi kwenye mgodi wa shaba ujanani, pamoja na watu wa kila kabila, na huko alijifunza Kiswahili chake cha amri. Alirudi kijijini na vitu viwili, kofia ngumu ya mgodini ambayo mama aliigeuza kuwa kipimo cha maharagwe, na hicho Kiswahili. Kwa Kilhukonzo alikuwa mtu mpole. Akitaka jambo lifanyike, alihamia Kiswahili, na hapo hata mbuzi walijua mambo yamebadilika.

Mambo yalibadilika hivyo mara moja kila mwaka, Desemba, shule zikiwa zimefungwa na mvua zimetulia. Baba aliamka, akachukua jembe, akamwambia mama achemshe magimbi, yale ambayo wenzetu wa Kampala wanayaita mayuni. Kisha akatupanga mstari uani. "Leo tunazunguka mupaka," alisema. "Mwenye iko na mafua, azunguke na mafua yake."

Shamba letu lilikuwa na miti tisa ya mpaka. Si miti ya mbao. Ni ile yenye shina jembamba na majani marefu yaliyochongoka, ambayo ukikata tawi ukalichomeka ardhini linashika, na ukilitupa kichakani linashika vilevile. Hakuna anayeula, hakuna anayeuchoma, mbuzi wenyewe wanaukwepa. Kazi yake ni moja tu, kusimama pale ulipopandwa na kusema kwamba hapa ni mwisho wako. Kwenye kila mti baba alimkalisha mtoto mmoja mmoja chini, mgongo ukigusa shina, na akauliza maswali mawili.

"Upande ile iko nani?"

Ulitaja jina la jirani.

"Na upande hii?"

"Sisi, Baba."

Ukipata, ulipewa gimbi. Ukikosa, ulipita bila kitu, na gimbi lako lililiwa na aliyekufuata. Hakukuwa na chumvi wala sukari ya kuongezea. Gimbi la moto, kavu, linalokwama kooni. Lakini mtoto aliyepanda kilima tangu alfajiri hana dharau na gimbi.

Kaka zangu walizunguka mti wa kwanza na wa pili, halafu wakatoweka. Walikuwa na mpira wa majani ya migomba na wenzao wakiwangoja. Baba aliwaita, akachoka, akaendelea. Mimi nilibaki, na sitadanganya kwamba nilibaki kwa upendo wa ardhi. Nilibaki kwa sababu kapu nilikuwa nimelibeba mimi, na kila mvulana aliyekimbia aliniachia gimbi. Nilijifunza mipaka ya baba yangu kwa tumbo. Mti wa kwanza ulikuwa na jiwe lenye umbo la kisigino. Wa tatu, ukikaa, unasikia kijito kwa sikio la kushoto. Wa saba unaona paa la kanisa la kilima cha pili katikati ya migomba. Tulipokuwa tukirudi baba alinishika kichwa na kusema, "Kabugho, shamba haina mudomo. Mudomo yake ni wewe." Nilifurahi. Sikujua kwamba mdomo ndio urithi wote nitakaopata.

Mti wa tano una habari yake, nanyi mnisikilize vizuri hapa kwa sababu ndipo kesi yote ilipo.

Karibu na njia kuna kipande cha ardhi tambarare, cha pekee katika kilima kizima. Sisi tulikiita Uwanjani. Pale ndipo kaka zangu walipocheza mpira, ndipo tuliporuka kamba, ndipo nilipong'oka jino. Zamani kilikuwa chetu. Jirani yetu wa upande wa juu, baba yake Ithungu, alikuwa pia na mteremko mkali upande wa chini, wenye mawe, ila ndani yake ilitoka chemchemi ndogo isiyokauka. Mama alikuwa akiteka maji mbali sana, na mwaka ule alikuwa mjamzito wa mtoto ambaye hakuishi. Baba akaenda kwa jirani, wakakaa, wakabadilishana: Uwanjani kwake, chemchemi kwetu. Baba aling'oa mti wa tano kwa mikono yake kutoka ukingo wa juu wa tambarare na kuuhamishia ukingo wa chini, penye jiwe jeupe. Familia zote mbili zilikaa pale zikala magimbi pamoja, nami na Ithungu, ambaye tulikuwa rika moja, tukagombania la mwisho. Kijiji kizima kilimcheka baba. Mtu gani anatoa tambarare na kuchukua mteremko? Alijibu kwa Kiswahili chake: "Tambarare utaitazama. Maji utaikunywa."

Kaka zangu siku hiyo hawakuwepo. Walikuwa Kasese kwa mjomba, wakisoma. Waliporudi, mpira uliendelea kuchezwa Uwanjani kama kawaida, maana baba yake Ithungu hakuwa mtu wa kufukuza watoto. Kwa hiyo kaka zangu walikua wakijua jambo moja tu kuhusu pale, kwamba walifunga mabao.

Baba alipofariki, tulikaa uani kugawana. Nilifungua kinywa kusema nilichojua kuhusu mipaka. Bwambale akanikatiza, tena kwa upole, jinsi mtu anavyomwondoa kuku mezani: "Dada, hii mambo ya ardhi iko ya wanaume." Nikafunga kinywa. Nikarudi Kasese kwenye cherehani yangu na miaka ikapita.

Sasa turudi kwa huyu Thembo wa vyuu.

Baba yake, Baluku, naye alifariki. Akabaki Bwambale kama mkubwa wa nyumba na Thembo kama mwenye akili za mjini, mchanganyiko ambao sijaona ukileta heri. Wakapata dalali. Dalali akapata tajiri wa Kampala anayetaka kujenga hoteli ya watalii, vijumba vya nyasi ambamo mzungu atalipa ili alale kama tulivyolala sisi bila kulipa. Tajiri alitaka tambarare, pamoja na chemchemi ili vijumba vipate maji. Alisema anakuja kuangalia, na mahali pawe pasafi.

Hapo ndipo Thembo alipoonyesha elimu yake. Alipanda kilima na vibarua, akaona miti tisa ya mpaka imesimama na majani yake marefu, akaona kichaka. Akaikata. Si kuikata tu, aling'oa na visiki, akasawazisha udongo, akarundika mashina yote kando ya njia. Halafu akapiga picha ile aliyonionyesha. Nimefikiri sana kuhusu kosa hilo. Mgeni kutoka nchi nyingine asingelifanya, kwa sababu mgeni angeuliza. Ni mtoto wa pale tu, aliyekulia mjini akilishwa kwa kahawa ya kilima kile, ndiye anayeweza kung'oa mpaka wa babu yake kwa mikono yake mwenyewe na kuuita usafi.

Mpimaji alikuja na mashine yake ya miguu mitatu. Akaisimamisha, akafumba jicho moja, akauliza, "Mupaka iko wapi?" Thembo akamtazama baba yake mdogo. Bwambale akatazama kilima. Akaonyesha mparachichi, na mparachichi ule niliupanda mimi kwa kutupa kokwa nilipokwenda kumzika mama. Mpimaji akakunja mashine. Alisema hawezi kupima hewa.

Siku ya pili boda boda ilisimama mbele ya kibanda changu cha kushonea Kasese, nauli imeshalipwa. Kijana akaniambia nimeitwa nyumbani haraka. Nilidhani kuna msiba. Njiani nilikuwa nimeshaanza kulia kidogo, nikijaribu kukisia ni nani.

Nilimkuta Bwambale uani amevaa koti, na kiti cha plastiki kimetolewa kwa ajili yangu. Nilipoona kiti nikajua hakuna aliyekufa. "Dada," alisema, "wewe ndiyo ulikuwa natembea na muzee."

"Hii mambo ya ardhi iko ya wanaume," nikamwambia.

Alicheka kicheko kile cha mtu anayeomba. Thembo akaleta soda, akaleta na rolex, chapati yenye mayai ndani, bado ya moto, ameinunua Bwera. Wakanieleza yote, hoteli, tajiri, mpimaji. Kisha Thembo akapiga magoti, jambo ambalo hajawahi kunifanyia hata siku ya harusi yake. "Shangazi, sisi tunajua Uwanjani iko ya sisi. Baba alichezea pale. Tunataka tu wewe uonyeshe mbele ya mpimaji na batu ya kijiji. Na hatukusahau wewe. Tutakukatia kipande pale karibu na chemchemi. Kipande yako, na jina yako kwa karatasi. Ujenge."

Sitajifanya mtakatifu. Kwa baba nililelewa kama mtu wa kuondoka. Kwa mume niliishi kama mtu aliyekuja. Na sasa, na mvi zote hizi, kuna mtu anasema neno kipande na neno yako katika pumzi moja. Nilikiona kile kibanda nitakachojenga. Nilikiona na dirisha lake. Niliweka na mgomba mmoja nyuma. Wanaosema wanawake hatutaki ardhi hawajawahi kupanga chumba kimoja miaka kumi na tisa.

Na upande wa pili alikuwepo nani? Alikuwepo Ithungu. Msichana wa tano katika nyumba isiyo na mvulana hata mmoja. Aliolewa akarudi, akawazika wazazi wake, akabaki amelishika shamba lao peke yake. Nyumba yake ya mabati iko Uwanjani, ambako kaka zangu walidhani baba aliwakaribisha tu, na kaburi la mama yake liko nyuma ya nyumba, limezungushiwa maua. Karatasi hana. Wazee waliokula magimbi siku ile, na wale waliomcheka baba, wote wamekufa. Akisema yeye kwamba ni kwake, watasema mwenye njaa hutetea chungu. Ushahidi wake ulikuwa ule mti, na mti ulikuwa kwenye rundo kando ya njia. Ukimwondoa yeye, kulikuwa na mtu mmoja tu aliyebaki nchini anayejua mti wa tano ulihamia wapi, na mtu huyo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akila rolex.

Niliiweka chapati chini kabla ya kuimaliza.

"Nitaonyesha," niliwaambia. "Lakini tunazunguka kama muzee alikuwa nazunguka. Chemsheni magimbi."

Walitazamana. Nyumba nzima haikuwa na gimbi. Shamba la baba yangu, lenye chemchemi na udongo mweusi wa kuotesha hata fimbo, halikuwa na shina moja. Thembo alisema anaweza kutuma mtu mjini anunue chipsi. Nikamwambia nikiona chipsi narudi Kasese. Hatimaye mke wa Bwambale alikwenda kuomba kwa jirani mwenye magimbi. Jirani mwenyewe ni Ithungu. Alichimba, akaosha, akachemsha, akaleta kapu limefunikwa kwa jani la mgomba. Alilikabidhi mikononi mwangu. Tulikuwa hatujasimama karibu hivi tangu mazishi ya mama yangu, na kucha zake zilikuwa na udongo kama zamani.

Asubuhi tukazunguka. Alikuja mpimaji, dalali, Bwambale, Thembo, na watu wa kijiji wapatao ishirini, maana Bwera haikosi watazamaji. Tajiri alikuwa kwenye simu ya dalali, akitaka aelezwe kila hatua. Kwenye mti wa kwanza nilitafuta kwa mguu hadi nikapata jiwe la kisigino. Nikamwambia Thembo akae chini.

"Hapa, Shangazi? Suruali."

"Kaa."

Alikaa. Nikamuuliza upande ule kuna nani. Hakujua. Nikataja jina la jirani, mzee mwenyewe akaitika kutoka kwenye watu, na mpimaji akapigilia kigingi chake. Thembo hakupata gimbi. Kwenye mti wa pili hakupata. Kwenye wa tatu nilisimama nimefumba macho hadi kijito kikanijia kwenye sikio la kushoto, na kuna mtu nyuma akacheka, halafu akaona vigingi vinafuata mstari ulionyooka, akaacha kucheka. Wa nne Thembo alianza kukisia majina kama mtoto kwenye mtihani. Watu wakafurahi. Nami nilifurahi, nakiri, nilifurahi kwa ubaya kabisa. Nilikuwa nimengoja siku hiyo tangu niliponyamazishwa uani.

Kisha tukafika Uwanjani, na furaha ikaniisha.

Ithungu alikuwa amesimama mlangoni kwake. Hakuwa na jembe, hakuwa na panga, alikuwa amekunja mikono tu. Bwambale alitangulia hadi ukingo wa juu wa tambarare, mahali mti wa tano ulipokuwa kabla ya kubadilishana, akasimama pale kwa miguu yote miwili. "Iko hapa," alisema, akinitazama. "Si ndiyo, Dada? Tulikuwa nachezea hapa." Sauti yake haikuwa ya mwizi. Alikuwa anaamini. Alikumbuka mabao. Ndiyo maana mimi siku hizi naogopa watu wanaokumbuka mambo matamu peke yake, nikiwemo mimi mwenyewe.

Mpimaji alishika nyundo. Ilinitosha kuitikia kwa kichwa. Nisingehitaji kusema hata neno.

Nilimpita kaka yangu. Nikavuka Uwanjani, nikapita mbele ya mlango wa Ithungu, nikapita kaburi la mama yake, nikateremka hadi ukingo wa chini. Jiwe jeupe lilikuwepo, limezama nusu. Nikakaa chini, mgongo kwenye hewa pale shina lilipokuwa.

"Muzee aliihamisha," nikasema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. "Alibadilisha na chemchemi. Nilikula gimbi hapa siku ile. Upande ile ya juu iko ya Ithungu. Upande hii ya chini iko ya Bwambale."

Mpimaji akateremka, akapigilia kigingi. Dalali akaongea na simu kwa sauti ya chini akielekea njiani, na tangu siku hiyo sijamwona tena. Tajiri wa kutafuta tambarare hakuwa na haja na mteremko wa mawe, hata uwe na maji kiasi gani.

"Shangazi, umeua dili," Thembo alisema. Alikuwa karibu kulia, na suruali yake ilikuwa na udongo nyuma. Bwambale ndiye aliyekuja hadi nilipokaa. Alinena taratibu. "Kabugho, ile kipande sahau. Na siku utakufa, usiambie batu bakulete hapa. Hapa hakuna kaburi yako." Akapanda kilima bila kugeuka, na watu wake wakamfuata.

Nilibaki na kapu.

Basi hayo ndiyo maendeleo yetu. Enzi zetu mtu alikaa chini kwa makalio yake ili ajue mwisho wake uko wapi. Leo anasimama juu ya kaburi la mama wa mwenzake akiangalia vyuu. Sisi tulikuwa na njaa, tena njaa ya kweli, msidanganywe na hadithi zetu, na fimbo za yule mwalimu hazikumfundisha mtu kitu. Baba yangu alijua kuhamisha mpaka kwa haki lakini hakujua kumwandikia binti hata tuta moja. Silii juu ya hayo yote. Ninacholilia ni kwamba alikuwepo mtu aliyeuliza, kila Desemba, na alingoja ajibiwe.

Mvua zilipokuja, rundo la Thembo kando ya njia lilichipua. Mashina yote yaliyotupwa yalishika pale pale yalipoanguka, kichaka kikubwa cha mipaka isiyotenga kitu na kitu. Ithungu alichukua tawi moja akalipanda penye jiwe jeupe, kisha akanitumia salamu kwa mwendesha boda: Desemba njoo.

Nilikwenda. Sikupita uani kwa kaka yangu. Nilipitia njia ya juu, na Ithungu akanipokea akiwa na kapu. Tukateremka sisi wawili, polepole, magoti yakilalamika, hadi mti wa tano. Una majani sita. Akaniambia nikae. Nikakaa upande wa ardhi yake, mgongo karibu na kale kashina, nikitazama chini shamba la baba yangu, migomba yake na mteremko wenye maji.

"Upande ile iko nani?" Ithungu aliuliza.

"Bwambale," nikasema. Lilikuwa gumu kutoka.

"Na upande hii?"

Nilijua jibu linalotakiwa. Ni jina lake. Ni ardhi yake, nimeithibitisha mimi mwenyewe kwa mdomo wangu mbele ya kijiji. Nikafungua kinywa, na kilichotoka ni kile nilichozoezwa tangu nikiwa mdogo.

"Sisi," nikasema.

Ithungu hakunisahihisha. Aliingiza mkono kwenye kapu, akanipa gimbi.